Swali Lililokuwa Bichi

Katika shule nzima, tuliosoma siasa za Uingereza tulikuwa watatu. Wengine walichagua hesabu, biashara na sayansi, masomo ambayo mzazi akiulizwa na jirani anayataja bila kuongeza maelezo. Sisi tulifungiwa katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, baridi ya Kiganjo, karibu na Nyeri, ikipenya hadi kwenye soksi, tukijifunza jinsi waziri mkuu wa nchi ambayo hatukuwahi kuiona anavyopanga baraza lake. Nyumbani walitucheka. Mjomba wangu aliniuliza kama nikimaliza nitagombea ubunge wa London au nitaanzia udiwani kwanza.

Shule ilikuwa ya kibinafsi, ya mtaala wa Uingereza, na sikuwa pale kwa sababu ya utajiri. Mama alikuwa matroni wa shule. Ndiye aliyepima joto, akagawa dawa za mafua na kuwapakata watoto wa wenye mali walipolilia kwao. Watoto wa wafanyakazi walisomeshwa kwa nafuu, ndiyo maana na mimi nikavaa tai. Tulikaa katika nyumba ya wafanyakazi karibu na lango, yeye na mimi, wawili tu. Baba simkumbuki, na sitajifanya kwamba pengo lake lilinisumbua, maana mama alilijaza mpaka likafurika.

Wenzangu wawili walikuwa binti wa Mukurweini, ambaye kwao ni kahawa na ng'ombe wa maziwa, na kijana wa Kiganjo, mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka magharibi kuja kufundisha polisi wapya. Binti alichagua siasa kwa kuwa alitaka kuwa wakili. Kijana alichagua kwa kuwa alifeli fizikia na hakutaka babake ajue mapema.

Mimi nilikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu. Tulikuwa tunahama. Mama alikuwa amepata kazi ya kulea wazee katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na kanuni za wakati huo zilimruhusu mlezi kwenda na mtoto wake. Kilichobaki ni hati moja kutoka kwa mwajiri. Lakini huku kwetu safari ya ng'ambo haitangazwi. Unasikia tu kwamba fulani alienda, halafu unaona picha yake akiwa ndani ya koti zito, anatabasamu kwa meno tu. Anayetangaza mapema anaitafutia safari yake macho ya watu. Mama alinikanya nisiseme, nikanyamaza, na nikasoma siasa za Uingereza kama mtu anayejifunza njia za kijiji anakoolewa.

Jumamosi mchana tulidurusu katika chumba cha wagonjwa, kwa sababu kilikuwa na hita na mama alitupikia chai. Binti wa Mukurweini ndiye aliyeleta gunia. Kwao kahawa ikifika kiwandani haipimwi mpaka imwagwe juu ya gunia na kuchambuliwa: nyekundu huku, mbichi kule, na zile zilizokaukia mtini, ambazo wanaziita mbuni, kando kabisa. Basi tuliikata mitihani ya miaka iliyopita kwa makasi, kila swali kipande chake, tukavimwaga vipande vyote juu ya gunia na kuketi sakafuni kuchambua. Swali ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu lilikuwa jekundu, limeiva, lazima lichumwe mwaka huu. Lililotokea mwaka jana lilikuwa bichi, liachwe mtini. Maswali ya mambo yaliyopitwa na wakati yalikuwa mbuni.

"Huwezi chuma tawi moja leo na urudi hapo kesho," alitufundisha. "Utapata nini? Hata mzungu anajua hiyo."

"Sasa wewe unadhani hawa wasee wa kutunga mtihani wako na shamba Mukurweini?" kijana alimuuliza, lakini ndiye aliyekuwa ameshika makasi.

Mwalimu wetu alipita siku moja akatukuta tumeinama. Alikuwa mtu wa upande wa Busia, mrefu, aliyependa siasa za Uingereza jinsi wenzake walivyopenda mpira. Alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Ninyi watu wa kahawa mtanimaliza," alisema. "Someni yote. Yote! Mtihani si shamba." Kisha akasogea. "Lakini hebu, hiyo ya mahakama ya juu mmeweka wapi?"

"Nyekundu, mwalimu."

"Mm," akasema. "Hata mimi nilikuwa naiona hapo."

Swali la Bunge lilikuwa limetokea mwaka jana. Lilikuwa linauliza kama Bunge la Uingereza linaweza kweli kuizuia serikali, au linakaa tu na kutazama. Tulilitupa upande wa mbichi bila kuligeuza mara mbili.

Mama naye alitaka kufundishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya chai yake. Alikuwa akikunja shuka huku akituuliza leo tumesoma nini, na kila mmoja alipaswa kumweleza mada yake kwa Kiswahili au Kigikuyu, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Wenzangu walidhani anatusaidia tu. Mimi nilijua kwamba anajitayarisha. Nilimwona usoni, alivyokuwa akisikiliza kama mtu anayeelekezwa nyumba.

Siku ya katiba ya Uingereza, ambayo haikuandikwa katika kitabu kimoja, kijana alijaribu kueleza akajikanyaga. Binti akamwokoa.

"Matron, si unajua ruracio? Mahari? Kwani hiyo imeandikwa mahali? Hakuna. Lakini jaribu kuruka hatua moja uone vile wazee watakuangalia."

Mama alicheka mpaka akaweka birika chini. "Kumbe hawa watu ni kama sisi!" Halafu akafuta macho, akakunja shuka nyingine, na akauliza kwa sauti ya chini kidogo, "Na mgeni akienda kuishi huko, atajuaje hizo sheria zenye hazijaandikwa?"

Kijana alisema hilo haliko kwenye silabasi. Mimi niliinamia gunia nikajifanya natafuta kipande kilichopotea.

Muhula wa kwanza ulikuwa unakaribia kuisha mwalimu alipoingia darasani akiwa na simu mkononi, uso umemchangamka.

"Leo nimewaletea mfano wa moto kabisa, wa juzi tu," alisema. "Serikali ya Uingereza imetangaza kwamba hawa walezi wa wazee wanaotoka nje hawataruhusiwa tena kwenda na watoto wao. Wataenda peke yao. Sasa niambieni, Bunge litapiga kura?"

Binti alifungua ukurasa mpya. Mwalimu hakutungoja.

"Hapigi mtu! Waziri ataandika kanuni, ataiweka mezani pa Bunge, na siku zikipita bila wao kuikataa, basi, imekuwa. Na huwa hawakatai. Mnaona mfano ulivyo mzuri?"

Niliandika. Mkono ulikuwa umezoea kuandika anachosema, ukaandika na hilo pia, neno kwa neno. Sikumlaumu mwalimu wakati ule na simlaumu leo. Hakuwa na namna ya kujua kwamba mfano wake mzuri umekaa mbele yake, dawati la katikati, umevaa sweta ya shule.

Kengele ilipolia nilienda chumba cha wagonjwa. Mama alikuwa anampima joto mtoto mmoja wa madarasa ya chini, nikangoja hadi akatoka. Nilimweleza jinsi nilivyokuwa nikimweleza kila kitu, polepole, nikianza na serikali na kumalizia na siku ya kuanza. Aliniuliza tu itaanza lini. Nilipomwambia ni baada ya miezi michache, alipumua.

"Basi hati itakuja kabla," alisema.

Tuliingoja. Alikuwa akiangalia simu kabla ya maombi na baada ya maombi. Alimwandikia mwajiri, mwajiri akajibu kwa heshima kubwa kwamba iko njiani. Nilianza kuichukia heshima ile. Krismasi ikapita, shule ikafunguliwa, kahawa ya Mukurweini ikaisha kuchumwa, na bado tulikuwa tunaambiwa iko njiani. Hati ilikuja, ndiyo. Ilikuja wakati siku yenyewe ilikuwa imeshapita, na ilikuwa na jina la mtu mmoja.

Alinionyesha akiwa amesimama jikoni, sufuria ya githeri ikichemka nyuma yake. Nilidhani atasema haendi. Niliomba Mungu aseme haendi, na nilikuwa nimeshajitayarisha kumwambia kwa adabu kwamba asijali kuhusu mimi, huku moyoni nikishangilia.

"Kazi hapa nimeshaacha," alisema. "Wamepata matron mwingine, ataingia hii nyumba Aprili. Nisipoenda tutalala wapi?"

"Kwa tata, Sagana." Tata ni dada yake mdogo.

"Wote wawili? Mpaka lini?" Alipunguza moto. "Nitaenda mwaka moja, nijipange, halafu nikuitie."

Mimi nilikuwa nasoma somo lenyewe. Nilijua kwamba hakuna mlango wa kuniitia. Nilijua pia kwamba mwaka huo ningetimiza miaka kumi na minane, na baada ya hapo, machoni mwao, nisingekuwa mtoto wa mtu. Ningeweza kumweleza kwa mpangilio, hoja ya kwanza na ya pili. Nilimwambia sawa, mum. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia waziri ambaye sikumjua, nikawakasirikia wabunge wote wa nchi ile kwa kukaa kwenye viti vyao vya ngozi bila hata kukohoa.

Siri ilipokwisha kuwa siri, mwalimu alikuja kunitafuta. Alisimama nami kwenye kibaraza cha maktaba, chaki mkononi, akaanza kusema na kuacha, akaanza tena na kuacha. Mwishowe alinipa chaki, kama mtu aliyesahau ameshika nini, akaondoka.

Mama aliondoka wakati wa likizo ya Aprili. Maombi yalifanyika kwa tata, Sagana, kwa sababu ndipo njia ya kwenda uwanja wa ndege inapopita. Watu wa kanisa walikuja, wakala wali na samaki, wakaimba, wakamwombea asisahau kwao. Alinikataza nisiende naye zaidi ya hapo.

"Ukifika airport utarudi ukilia njia yote, na uko na mtihani," alisema.

Tulisimama kando ya gari, dereva akipanga mizigo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakanitoka. Mama alinishika bega.

"Ile kitu mwalimu alisema," akaanza. "Ya kuweka kanuni kwa meza. Nieleze tena."

"Sasa hivi, mum?"

"Sasa. Nataka niende nikielewa."

Nikamweleza. Malori yalipita, ikabidi nipaze sauti. Nilimwambia kwamba waziri anaandika kanuni na kuipeleka Bunge, nayo inakaa pale. Wakitaka kuikataa wanaweza, lakini kwa kawaida hawakatai. Wachache wanauliza maswali, waziri anajibu, wanaketi. Siku zikiisha, imepita, na hakuna aliyeinua mkono.

"Hakuna?"

"Hakuna, mum."

Aliitazama barabara. "Mimi nilidhani kitu kubwa hivi, watu wangepiga kelele hata kidogo," alisema.

Kisha aliniwekea sawa kola ya blauzi, ambayo ilikuwa sawa tayari, na akaingia garini. Tata alinishika mkono. Gari lilivuka daraja la mto na sikuliona tena, kwa sababu ya lori la mchanga.

Mtihani ulifanyika majuma machache baadaye. Tulikaa watatu katika ukumbi uliojaa watu wa hesabu, ambao tulichanganywa nao. Nilipofungua karatasi, mahakama ya juu haikuwepo. Zile nyekundu zetu, tulizozisoma mpaka tukaziota, hata moja haikuwepo. Swali la kwanza lilituuliza tupime kama ni kweli kwamba Bunge la Uingereza haliwezi kuizuia serikali. Lilikuwa limetokea mwaka jana na likatokea tena, tawi lile lile. Nilimsikia binti wa Mukurweini akivuta pumzi upande wa pili wa ukumbi.

Niliandika bila kusimama. Sikumwandika mama, kwa sababu mtahini hana alama za machozi. Niliandika kwamba kuna kanuni zinazowekwa mezani, na nikaeleza mpangilio wake kama nilivyoueleza pale Sagana, bila malori. Nilitoa mfano wa walezi na watoto wao. Nikapinga, maana lazima upinge pia upate alama, nikasema kwamba kwa upande mwingine Bunge lina kamati na lina maswali. Nilipofika kwenye hitimisho niliona kwamba ile Jumamosi ya gunia, mama akicheka ruracio, ilikuwa kipindi changu cha mwisho cha furaha katika shule ile, na ilibidi niandike hitimisho hata hivyo.

Nje, kijana alisema tumechomwa. Binti alikuwa analia, akijilaumu kwa ajili yetu wote. "Kwani hawa watu hawajui kuacha mti ipumzike?" alisema, na tukamshika. Waliniuliza mimi nimeandika nini. Niliwaambia nimeandika kidogo kidogo.

Matokeo yalitoka Agosti. Nilipata alama ya juu kabisa, peke yangu kati ya watatu. Shule iliweka picha yangu ubaoni, na wazazi walinipa mkono langoni, karibu na nyumba ambayo sasa ilikuwa na mapazia ya matroni mwingine. Mwalimu alinijia mbele ya watu wote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na badala ya hongera alisema, "Pole." Ndiye pekee aliyesoma alama ile vizuri.

Sasa naishi kwa tata na nasoma chuo Nyeri mjini. Ada ya vyuo vya kule ni ya kuuza shamba, na shamba hatuna. Niliomba viza ya kumtembelea tu, nikajibiwa kwamba hawaamini nitarudi. Mama huongea nami Jumapili baada ya kanisa. Wakati huo anakuwa anamlisha chakula cha mchana bibi mmoja mzungu, mwembamba sana, ambaye kumbukumbu imemtoka. Simu anaiegemeza kwenye kopo la sukari, kwa hiyo namwona mama nusu na yule bibi nusu.

Kila Jumapili bibi ananiona kwa mara ya kwanza. Anamuuliza mama, kwa Kiingereza chake cha taratibu, huyu ni nani. Mama anamwambia, huyu ni binti yangu. Bibi anauliza, anakuja lini? Mama anajibu, hivi karibuni, huku anampangusa mdomo. Nimelisikia jibu hilo Jumapili nyingi mno, na kila mara mama huangalia sahani anapolisema.

Juzi alichoka. Bibi alipouliza, mama aligeuza simu ikamtazama huyo bibi.

"Mweleze wewe," aliniambia kwa Kigikuyu. "Wewe ndiye ulisoma."

Nikamweleza. Nilimweleza yule bibi kwa Kiingereza cha mtihani, polepole, kwamba serikali yao iliweka kanuni mezani pa Bunge, kwamba walezi hawaruhusiwi tena kwenda na watoto wao, kwamba hakuna aliyepiga kura, na kwamba sasa mimi nimeshapita umri. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Macho yake yalijaa maji. Alimshika mama mkono, akasema hilo si jambo la haki hata kidogo, na kwamba lazima mtu amwandikie mbunge.

Mama alimpa maji. Alikunywa, akashusha kikombe, akanitazama tena kwenye simu, akatabasamu kwa furaha kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

"Na huyu binti mzuri ni nani?" aliuliza. "Anakuja lini?"

Mama aliangalia sahani. Nilingoja aseme.

"Hivi karibuni," nikamjibu mimi. "Nitakuja hivi karibuni."

Bibi alifurahi sana, na mama akaendelea kumkatia viazi.